Kubeba laita mfukoni isivuje, isilowe, na iwake siku unapoihitaji

Laita nyingi zinazokataa kuwaka hazikuharibikia mkononi. Ziliharibikia mfukoni, siku kadhaa kabla ya mwenyewe kuzihitaji. Funguo ziliegemea kibonyezo gesi ikatoka kidogo kidogo. Nyuzi za nguo zikajisokota kwenye gurudumu. Jasho au mvua ikalowesha jiwe. Au laita iliachwa juu ya dashibodi ya gari juani mpaka vali ikalegea. Siku ikigoma, lawama zinaiendea laita, ilhali ilitoka dukani ikiwa nzima. Kwa hiyo maelezo haya yanashughulika zaidi na muda ule ambao laita haitumiki.

Tutasema laita, ingawa wengi husema kiberiti cha gesi, ili tusiichanganye na kiberiti cha njiti ambacho nacho tutakigusa.

Kilichomo ndani yake

Laita ya kawaida ya plastiki ina sehemu chache: tangi, vali yenye mrija mwembamba, kibonyezo kinachofungua vali, gurudumu la chuma lenye meno, jiwe, springi inayolisukuma jiwe kutoka chini, na kofia ya bati inayokinga upepo. Hilo jiwe si jiwe la ardhini. Ni mchanganyiko wa chuma na seriamu pamoja na metali nyingine za jamii yake, uitwao feroseriamu, ambao mkemia wa Austria Carl Auer von Welsbach aliupatia hataza mwaka 1903. Meno ya gurudumu yakilikwangua, punje ndogo hung'oka na kuwaka zenyewe zikigusana na hewa. Cheche, basi, hazihitaji gesi hata kidogo. Likumbuke hilo, tutalirudia gesi itakapokwisha.

Gesi yenyewe ni butani, au butani iliyochanganywa na isobutani, iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika. Kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi butani husukuma kuta za tangi kwa presha ya karibu mara 2 ya hewa inayotuzunguka. Kwenye nyuzi 50 presha hiyo hufika karibu mara 5. Upande wa baridi, butani huacha kuchemka ikishuka chini kidogo ya nyuzi 0, na isobutani hustahimili mpaka karibu nyuzi 12 chini ya 0. Takwimu hizo chache ndizo zinazoeleza sehemu kubwa ya matatizo ya laita: joto huipasua, baridi huinyamazisha.

Laita ya ukubwa wa kawaida hubeba gramu 4 au 5 za gesi. Inaonekana kidogo, lakini gramu 5 zikivuja zote zinakuwa lita 2 hivi za mvuke, na butani huanza kushika moto inapofika asilimia 1.8 tu ya hewa. Maana yake laita moja iliyovuja ndani ya begi lililofungwa au droo inaweza kugeuza zaidi ya lita 100 za hewa kuwa kitu cha kuripuka. Tena butani ni nzito mara mbili ya hewa, hivyo haipai ikatawanyika. Hutulia chini: kwenye kitako cha begi, sakafu ya hema, tumbo la mashua.

Ipi inafaa kubebwa

Kwa kubeba kila siku, na zaidi kwa kwenda porini, chagua laita ya gurudumu na jiwe yenye tangi linaloonyesha gesi iliyobaki. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayostahimili mengi.

Laita ya kubofya, ile isiyo na gurudumu, hutumia nyundo ndogo inayogonga kristali ya piezo na kutoa cheche ya umeme. Nyumbani haina shida. Ikipata unyevu, umeme hupita njia nyingine na cheche haionekani, wala hakuna unachoweza kukikwangua au kukibadilisha ukiwa mbali. Mlimani nayo husumbua kadiri hewa inavyokuwa nyepesi.

Laita ya mwali wa bluu hushinda upepo vizuri sana, lakini inakula gesi haraka, tundu lake ni dogo mno na huzibwa na uchafu wa gesi duni, na kuanzia karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari nyingi hugoma kwa sababu mchanganyiko wa hewa na gesi hauwi sawa. Ibebe kama ya pili, isiwe ya pekee.

Laita ya petroli yenye utambi, aina ambayo Zippo imekuwa ikiitengeneza Pennsylvania, Marekani, tangu miaka ya 1930, huwaka kwenye upepo na kwenye baridi inayoishinda butani. Dosari yake ni kwamba mafuta hukauka hata usipoitumia. Iache wiki moja au mbili bila kujaza, utaikuta kavu. Mwenye kuijaza kwa ratiba hatapata shida nayo, anayesahau atajuta.

Zile za kuchaji, zinazotoa cheche nene ya umeme badala ya mwali, zina betri ya lithiamu, na zikijiwasha mfukoni zinaunguza nguo. Usinunue isiyo na kifuniko au kufuli la kitufe.

Ukinunua ya gesi, tafuta kwenye lebo ISO 9994, kiwango cha kimataifa cha usalama wa laita. Kiwango hicho kinataka laita iangushwe kutoka mita 1.5 na iwekwe kwenye joto la nyuzi 65 kwa saa 4 bila kupasuka. Laita isiyo na jina wala alama yoyote huenda ikawaka vizuri, ila hakuna aliyeijaribu kabla ya paja lako.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Iwashe mara 10, ukipumzika kidogo kati ya mara na mara. Iwake mara 9 au zote 10 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Mwali uwe wa sentimita 2 hadi 3. Kama kuna kirekebishi cha kuongeza na kupunguza, kiweke hapo, maana mwali mrefu ni kupoteza gesi na kuunguza kope. Ukiachia kibonyezo mwali uzime papo hapo. Ukisita kuzima, hata kwa sekunde chache, vali imeshika uchafu au imeharibika. Puliza kwa nguvu, jaribu tena. Ukirudia, laita hiyo isiingie mfukoni.

Kisha pima kama inavuja. Njia bora ni mizani ndogo ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Ipime leo, iache mezani wiki moja bila kuitumia, ipime tena. Uzito usibadilike. Ikipungua nusu gramu, jua itakuwa tupu ndani ya miezi miwili au mitatu bila wewe kuwasha chochote. Andika uzito wa kwanza kwenye kipande cha karatasi: baadaye tofauti itakuambia kiasi cha gesi kilichobaki hata kwa laita isiyoonyesha ndani. Usipokuwa na mizani, izamishe kwenye glasi ya maji dakika moja na utazame kama vipovu vinatoka kwenye vali au kwenye kitako. Baada ya hapo ikaushe kama tutakavyoeleza mbele.

Kufunga kibonyezo

Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote haya, fanya hili. Kibonyezo hakihitaji nguvu nyingi. Ukikaa, ukiinama kufunga kamba za viatu, au begi likibanwa na mzigo, funguo au sarafu inaweza kukishikilia nusu njia kwa saa nzima. Husikii wala hunusi kitu.

Njia nyepesi ni kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, yenye upana wa milimita 3 au 4 na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Izungushe kwenye shingo ya laita, karibu kabisa chini ya kibonyezo, na kile kichwa chake kikae chini ya ulimi wa kibonyezo. Kaza mpaka iweze kuzungushwa kwa kidole lakini isizunguke yenyewe. Kata mkia wake kwa mkasi wa kucha, sawasawa na kichwa, usiache ncha ya kukwaruza. Kichwa kikiwa chini ya ulimi, kibonyezo hakishuki. Unapotaka kuwasha unakisogeza kichwa pembeni kwa kidole gumba, ukimaliza unakirudisha. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuifunga chini mno, kichwa kikaacha nafasi ya milimita 2, na kibonyezo kikaendelea kufungua vali. Sikiliza: bonyeza bila kuzungusha gurudumu, laita ikiwa karibu na sikio. Usisikie sauti ya gesi.

Njia ya pili ni pete ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 1. Ivute kutoka kitakoni mpaka ikae imebanana chini ya ulimi. Huchelewa kidogo kuondoa, ila mpira huo wenyewe ni akiba ya moto: kipande chake huwaka dakika kadhaa hata kukiwa na manyunyu, kwa moshi mweusi mzito. Usichome nyama juu yake wala usiuwashe ndani ya hema.

Njia ya tatu ni kasha gumu la bati au plastiki lenye kifuniko. Kwa anayebeba laita pamoja na vitu vingi, hili ndilo kinga kamili. Lakini kasha lisilopitisha hewa lina hatari yake: laita ikivuja humo, gesi hubaki imejikusanya. Lifungue mbali na moto, litikise likiwa mdomo chini gesi nzito imwagike, subiri nusu dakika, ndipo uwashe.

Wapo wanaobandika utepe wa gundi juu ya gurudumu na kibonyezo. Tusikufiche, hii ni njia mbaya. Gundi hulainika kwa joto la mwili, huingia kwenye meno ya gurudumu, na ukiihitaji laita gizani unatafuta ncha ya utepe kwa kucha. Utepe wa kitambaa una kazi nzuri zaidi chini, kwenye tangi: zungushia karibu mita 1, acha upande mmoja wazi uone gesi, na utakuwa na utepe wa kuziba hema au kuwashia moto.

Mfuko upi

Mfuko wa mbele wa suruali, laita ikiwa peke yake. Kile kimfuko kidogo cha suruali ya jinzi kinaifaa sana laita ndogo. Mfuko wa nyuma haufai kabisa, kwani ukikalia laita unaipinda tangi, na plastiki iliyopindwa kila siku hupata nyufa karibu na vali. Mfuko wa shati huimwaga kila unapoinama, na ukiinamia jiko unaipeleka laita kwenye joto la moto.

Usiirudishe mfukoni mara tu baada ya kuitumia kwa muda mrefu. Bati la juu hubaki moto kuliko linavyoonekana, na nguo za nailoni au poliesta huyeyuka zikanata kwenye ngozi. Ipe dakika moja. Lebo nyingi husema isiwashwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na sababu ni hiyo hiyo: bati hupasha plastiki inayoishika vali.

Anayechomelea vyuma, anayekata kwa grainda au anayefanya kazi karibu na tanuri aiache laita mbali kabla ya kuanza. Kipande cha chuma kilichoyeyuka hupenya tangi la plastiki mara moja. Uko uvumi wa zamani viwandani kwamba laita moja ina nguvu ya baruti nyingi, umetiwa chumvi. Lakini gramu 5 za butani zikiwaka kwa pamoja juu ya shati zinatosha kumuunguza mtu vibaya kifuani, na hilo halihitaji kutiwa chumvi.

Gari lililofungwa juani ni adui mwingine. Lebo za laita zinaonya kuhusu nyuzi 50, na juu ya dashibodi joto hupita hapo kwa urahisi. Kimiminika hutanuka, nafasi ya mvuke iliyoachwa ndani ya tangi hupungua, na ikijaa kabisa presha hupanda ghafla mpaka kitu kiachie. Ukiiona laita iliyosahauliwa garini juani, isogeze kivulini na uiache ipoe nusu saa. Usiijaribu kuiwasha ikiwa ya moto, mwali utatoka mrefu kuliko ulivyouzoea.

Ndani ya ndege kanuni za kimataifa zinamruhusu abiria laita moja, ikiwa mwilini mwake, si ndani ya mzigo unaopelekwa chini wala begi la mkononi. Za mwali wa bluu hukataliwa. Makopo ya gesi na chupa za mafuta ya laita haziruhusiwi popote kwenye ndege. Zipo nchi zenye masharti makali kuliko hayo. China, kwa mfano, hairuhusu laita kabisa. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kufika uwanjani, na usibebe laita unayoipenda.

Maji, baridi na upepo

Laita iliyotumbukia majini haijafa. Gesi yake iko salama, kilicholowa ni jiwe na gurudumu. Itikise kwa nguvu kichwa kikiwa chini, puliza ndani ya kofia ya bati mara kadhaa, kisha sugua gurudumu kwenye kitambaa kikavu, ukilizungusha upande wa kuwashia bila kugusa kibonyezo. Mara 20 au 30 za kusugua hivyo hukausha meno na kuondoa tabaka la juu la jiwe lililolowa. Cheche za kwanza zitakuwa hafifu na nyekundu. Endelea mpaka ziwe nyeupe, ndipo ubonyeze gesi. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya dakika 2 hadi 5. Usiwe na haraka ya kuwasha huku jiwe bado bichi, maana unga wake hugeuka tope linaloziba meno, na hapo utahitaji mswaki mkavu.

Maji ya chumvi ni habari nyingine. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, kisha kausha. Feroseriamu iliyoachwa na chumvi huota kutu nyeupe, huvimba na kukwama ndani ya mrija wake. Gurudumu litazunguka, jiwe halitapanda. Kwa safari ya majini weka laita kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, mfuko huo ndani ya mwingine, na uujaribu nyumbani kwa kuuzamisha ukiwa na kipande cha tishu ndani.

Kwenye baridi kali, laita ikitoa cheche bila mwali huku gesi ukiiona, haijaharibika. Ishike kwenye ngumi iliyofungwa au iweke kwapani dakika 3 hadi 5. Wakati wa kulala iwe ndani ya mfuko wa kulalia, na mchana iwe mfuko wa ndani ya koti. Kamwe usiipashe kwenye jiko.

Upepo hupambanwa kwa mwili, si kwa kidole gumba. Upe upepo mgongo, chuchumaa, uipeleke laita kwenye kiwashio kilichokwisha kuandaliwa. Kosa la wengi porini ni kushikilia mwali chini ya kuni mpaka zishike. Kuni hazishiki, bati linakuwa jekundu, kidole kinaungua na nusu ya gesi imekwenda. Kazi ya laita ni sekunde 3 kwenye kitu laini. Hicho kitu laini ndicho chenye kazi ya kuwasha kuni. Kiwashio kizuri cha kubeba ni pamba iliyopakwa vaselini: donge la ukubwa wa ndimu ndogo kwa nusu kijiko cha chai cha vaselini, likandwe mpaka lienee lakini katikati pabaki pakavu. Ukitaka kuliwasha lichambue, ile pamba kavu ishike kwanza. Litawaka dakika 4 hivi. Kipande cha mshumaa nacho kinafaa: washa mshumaa, zima laita, halafu hangaika na kuni kwa utulivu.

Unapowasha, ishike laita wima au imelala kidogo. Ukiielekeza chini, kimiminika badala ya mvuke hufika kwenye tundu na mwali hurukia mkono.

Inapogoma

Kabla ya kuitupa, tenganisha matatizo mawili: cheche na gesi. Bonyeza bila kuzungusha gurudumu na usikilize. Gesi ikisikika lakini cheche hakuna, jiwe limelowa, limeisha au meno yamejaa nyuzi za nguo. Chokoa kwa sindano, piga mswaki mkavu. Usafi huu ufanye mara moja kwa mwezi hata kama laita haijagoma. Cheche zikiwepo na gesi haisikiki, gesi imekwisha, imepoa, kirekebishi kiko chini kabisa, au tundu limeziba.

Na kama gesi imekwisha kweli ukiwa mbali, bado una moto mkononi. Ng'oa kofia ya bati kwa ncha ya kisu, macho yakiwa mbali na springi. Chambua pamba au tishu kavu mpaka iwe kama manyoya. Juu yake zungusha gurudumu polepole sana, usitoe cheche, mara 40 au 50. Unga wa kijivu wa jiwe utadondoka; ukusanye mahali pamoja, pasipozidi ukubwa wa ukucha. Sasa sogeza gurudumu mpaka sentimita 1 kutoka kwenye unga huo na ulipige kwa kasi. Unga hulipuka mweupe na pamba hushika. Zoezi hili lifanye nyumbani mara moja kabla ya kulihitaji, kwa sababu mara ya kwanza karibu kila mtu huzungusha haraka mno na kuupoteza unga.

Hata hivyo usitoke na chanzo kimoja cha moto. Laita mbili katika mifuko miwili tofauti, na njiti za kiberiti pamoja na ubavu wake wa kukwangulia ndani ya kichupa kisichoingiza maji, havifiki gramu 60 kwa pamoja.

Kujaza

Laita yenye vali chini ya kitako hujazwa. Isiyo na vali hiyo haijazwi, na vifaa vya kuilazimisha viacheni dukani. Fanyia kazi hii nje au penye madirisha wazi, pasiwe na jiko linalowaka wala sigara.

1. Igeuze laita kitako kikiwa juu na ubonyeze pini ya vali kwa bisibisi ndogo mpaka mlio uishe. Unatoa hewa iliyojikusanya ndani. Usipoitoa, tangi litajaa nusu tu na mwali utakuwa unakohoa.
2. Peleka kirekebishi kwenye kiwango cha chini kabisa.
3. Kitako kikiwa bado juu, simamisha kopo la gesi juu yake, mdomo ukiangalia chini, wima kabisa. Kopo likilala, litatoa mvuke badala ya kimiminika.
4. Sukuma kwa nguvu sekunde 3 hadi 5, pumzika, rudia mara mbili. Gesi ikianza kuruka pembeni, imejaa. Vaa glavu au shika kwa kitambaa, butani inayochemka juu ya ngozi huigandisha.
5. Futa, sogea mahali pengine, subiri angalau dakika 5. Gesi iliyomwagika itawanyike na laita irudi kwenye joto la kawaida. Ndipo uipandishe mwali na kuiwasha.

Ile ya petroli hufunguliwa kwa kuvuta sehemu ya ndani, kuinua kipande cha felti (kitambaa kinene) chini yake, na kudondosha mafuta ya laita taratibu juu ya pamba mpaka yakaribie kufika juu. Ukizidisha, mafuta yatapenya mfukoni na kukaa kwenye paja. Ngozi huwasha, huwa nyekundu, wakati mwingine hutoka malengelenge. Ikitokea, vua nguo hiyo, osha kwa sabuni na maji mengi, na kaa mbali na moto mpaka nguo ifuliwe. Futa mikono na mwili wa laita, subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Petroli ya gari usiitie; ina viungo visivyotakiwa karibu na uso wako, na mvuke wake ni mkali. Jiwe la akiba hukaa vizuri chini ya ile felti. Na pete pana ya tyubu ikifunika mstari wa kifuniko hupunguza sana ukaukaji kati ya safari na safari.

Watoto, na laita iliyokwisha

Ile bendi ya bati iliyopita juu ya gurudumu, ambayo wengi huing'oa ili kidole kisiumie, imewekwa kumzuia mtoto wa chini ya miaka 5. Marekani iliifanya kinga ya namna hiyo kuwa lazima mwaka 1994, na nchi za Ulaya zikafuata baadaye. Kwenye nyumba yenye watoto iache ilivyo, na laita ikitoka mfukoni iwekwe juu, si mezani wala ndani ya mkoba unaofunguliwa na kila mtu.

Laita inayoonekana tupu bado ina gesi kidogo. Bonyeza kibonyezo nje, bila cheche, mpaka usisikie kitu, kisha iache wazi siku nzima kabla ya kuitupa. Isiingie kwenye shimo la takataka zinazochomwa: tangi hupasuka na kurusha vipande vya plastiki inayowaka kwa anayechochea moto.